Wawindaji wa ndege wa Burat: bunduki imekwenda, ujuzi umebaki

Wahenga walisema msasi haogopi miiba. Hapana shaka aliyelitunga neno hilo hakupata kutia mguu Burat. Miiba ya huku ni ya namna mbili: iko iliyonyooka kama sindano ya kushonea magunia, na iko iliyopinda kama ndoana, ambayo hukuruhusu kuingia kwa heshima zote lakini ukitaka kutoka hukudai shati. Mimi nilitoka na mikwaruzo kumi na mmoja, na kipande cha mkono wa shati nikakiacha mtini. Wala sikuwa na bunduki, mtego au manati. Nilikuwa nimekwenda kuwinda ndege kwa macho.

Burat ni wadi iliyo upande wa magharibi wa mji wa Isiolo. Nilipanda bodaboda mjini alfajiri, tukapita mahali panapoitwa LMD, herufi tatu za Kiingereza zinazokumbusha idara ya serikali ya kuuza mifugo, ambayo katika miaka ya 1960 na 1970 ilinunua ng'ombe wa kaskazini na kuwapeleka kusini. Upande wa kusini Mlima Kenya ulikuwa umesimama peupe, haujavaa mawingu yake ya mchana. Mbele yetu palikuwa na nyasi kavu, migunga, vichuguu vyekundu na, mbali kidogo, mstari wa kijani unaoonyesha mahali unapopita Mto Isiolo. Katika nchi hii wanaishi Waturkana, Waborana, Wasamburu, Wameru na Wasomali, kila watu na mifugo yao, na mara nyingine na magomvi yao juu ya malisho.

Niliyemwendea ni mzee mmoja wa Kiturkana ambaye ameniomba jina lake nisiliandike. Mjini nilimsikia akitajwa na muuza chai kwa jina la "mzee wa mbwa". Nilimkuta amekwisha simama mlangoni pa boma, fimbo mkononi, blanketi begani.

"Habari ya asubuhi, Mzee?"

"Nzuri, kijana. Lakini umechelewa. Ndege hawamngojei mtu anayekunywa chai."

Chai yenyewe nilikuwa sijainywa. Nikanyamaza, nikamfuata.

SIKU ZA MARISAU

Kabla hatujaingia porini yafaa nimweleze msomaji kwa nini mzee huyu alipewa jina hilo. Mwezi Mei 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na mwaka uliofuata ikapiga marufuku biashara ya nyara zao. Nyati, chui na swala wakaondoka katika hesabu za wawindaji. Lakini mlango mmoja mdogo uliachwa wazi, nao ulikuwa mlango wa ndege. Mwenye leseni aliweza kuendelea kupiga kanga, kwale, njiwa na firigogo, yaani wale ndege wa nchi kavu wanaoruka kwa makundi kwenda majini, kwa bunduki ya marisau. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa starehe ya bunduki iliyosalia kwa ruhusa nchini.

Mzee aliingia katika kazi hiyo akiwa kijana, mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Wageni walifika Ijumaa jioni kutoka kusini, magari mawili au matatu, na sanduku la barafu nyuma. Swali lao lilikuwa moja tu: ndege wako wapi?

"Wao walidhani kazi yangu inaanza wakifika," aliniambia. "Kazi ya kuongoza inaanza siku tatu kabla. Lazima ujue kanga wamelala mti gani, wanashuka saa ngapi, wanakunywa wapi, na jana ng'ombe walipita wapi. Ng'ombe wakipita, kwale wanahama. Mgeni akifika, mimi nimekwisha maliza kuwinda. Kilichobaki ni kelele ya bunduki."

Siku yenyewe alitangulia na vijana wenzake wakipiga vichaka kwa fimbo. Ndege wakiruka, bunduki nne zinalia pamoja, na mtu anayekumbuka ndege wa tano ameanguka nyuma ya mgunga upi alikuwa mmoja tu. Jioni alilipwa shilingi chache na ndege wawili wa kupeleka nyumbani. Maganda ya risasi walipewa watoto wayafanye filimbi. Fedha ya leseni ilikwenda serikalini, na sifa zikamwendea mpigaji, ambaye hakukosa kupigwa picha.

"Mimi nimo katika picha nyingi sana," akasema mzee. "Lakini ni mkono tu. Ule mkono unaoinua ndege."

MBWA MGENI NA KANGA MWENYE MBIO

Mchezo huu una kwao. Katika mbuga za nyasi za Marekani, hasa katika majimbo mawili ya Dakota, watu husafiri kila mwaka kwenda kuwinda ndege wa nchi kavu wakiongozwa na wenyeji na mbwa. South Dakota ni maarufu kwa pheasant, ndege mwenye mkia mrefu ambaye asili yake ni Asia. Alipelekwa huko akazaana, msimu wa kwanza wa kumwinda ukafunguliwa 1919, na hatimaye akafanywa ndege rasmi wa jimbo hilo. Mgeni kuwa nembo ya nchi si jambo dogo.

Huko mbwa ndiye fundi. Yuko mbwa aliyezaliwa na kufunzwa kwa kazi ya kuonyesha: hukimbia mbele akiukata upepo kushoto na kulia, pua juu, na akiipata harufu husimama kama sanamu, mguu mmoja hewani, mkia umenyooka. Ndege naye hulala kimya ndani ya nyasi akitumaini hajaonekana. Wawindaji hufika polepole, ndege hurushwa, bunduki hulia, na mbwa humwokota na kumleta mdomoni bila kumtia jino. Ndege asipolala kimya mchezo wote unavunjika, na hapo ndipo kanga wa Burat alipowashinda wageni.

Mzee alinisimulia habari ya mbwa mmoja wa namna hiyo aliyeletwa ndani ya gari, mweupe mwenye madoa, amelala juu ya godoro lake mwenyewe. Aliposhuka alinusa mara moja, akasimama kama sanamu. Kila mtu akanyamaza. Wageni wakasogea hatua kwa hatua. Lakini kanga hajasomeshwa shule ya mbwa yule. Mbwa alipokuwa amesimama kwa adabu zote, kanga walikuwa wanakimbia kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, wamekwisha fika kichuguu cha tatu. Ilipotimia saa tatu asubuhi jua lilikuwa limemshinda mbwa, ulimi unafika chini, na miiba imemwingia nyayo zote nne. Mzee ndiye aliyembeba hadi garini.

"Mbwa mzuri sana," alisema bila kucheka. "Lakini alikuwa mbwa wa nchi nyingine."

SIMBA AKIFANYA KAZI

Mbwa wa mzee anaitwa Simba, jina kubwa kwa mnyama ambaye mbavu zake zinahesabika. Rangi yake ni ya mchanga, sikio moja limechanika. Kazi yake ya kila siku ni kulinda mbuzi, na asubuhi hiyo alikwenda nasi kwa sababu mbuzi walikuwa wanakwenda malishoni. Pamoja nasi alikuwapo mjukuu wa mzee, kijana wa miaka kumi na minne hivi, aliyekuwa likizo ya shule. Katika mfuko wa nyuma wa suruali yake niliona mpira wa manati ukichungulia. Mzee naye aliuona, lakini hakusema neno.

Hatukwenda mbali. Kwale walikuwa wakilia juu ya vichuguu, ile sauti yao ya kukwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Mzee aliinua kidole, akaonja upepo, akatugeuza tupite upande wa pili wa laga, yaani mto mkavu. Muda kidogo Simba aliinamisha kichwa. Hakusimama kama sanamu. Aliondoka mbio kimya kimya, akapita katikati ya kichaka, na ghafula pakazuka kelele ya mabawa. Kanga wakapanda mgungani wote kwa pamoja.

Hapa nilijifunza jambo ambalo kila mtoto wa Burat analijua. Kanga akifukuzwa na mbwa hurukia mti, kisha hukaa tawini akimtazama mbwa na kumpigia makelele. Macho yake yote yako chini kwa yule adui mwenye miguu minne, na mwenye miguu miwili anaweza kusogea mpaka chini ya mti bila kuangaliwa. Hivyo ndivyo watu walivyopata kitoweo zamani, kwa rungu au kwa jiwe, bila leseni na bila sanduku la barafu. Simba alikaa chini, akatazama juu na kubweka mara moja moja, taratibu, kama karani anayeita majina.

Mkono wa kijana ulikwenda mfukoni.

"Hesabu," mzee akamwambia, bila kugeuka.

Kijana alisita. Kisha akaanza kunyoosha kidole, midomo ikitikisika. Nami nikahesabu zangu. Mimi nilipata ishirini na sita, kijana akapata thelathini na mmoja. Mzee alisema thelathini na watatu, kwa sababu wawili walikuwa wamejificha nyuma ya shina, na akatuonyesha mkia wa mmoja. Kisha akapiga mluzi mfupi. Simba akaondoka chini ya mti kana kwamba hajapata kuwaona kanga maishani mwake.

Nikakumbuka msemo kwamba mbwa wa msasi mkali naye ni mkali. Hapa niliona kinyume chake: mbwa wa msasi mtulivu naye ni mtulivu. Jirani mmoja wa mzee, Mborana na Mwislamu, alinieleza baadaye kwamba katika dini yake mbwa hafugwi kwa mapambo, lakini yule wa kulinda mifugo na wa kuwinda ana ruhusa. Akiwa amefundishwa, akatumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, alichomkamatia bwana wake ni halali. Na alama ya kufundishwa ni nini? Ni kwamba anamkamatia bwana wake, si kwa ajili ya tumbo lake. Nikaona kuwa sheikh wa Isiolo na mkufunzi wa mbwa wa South Dakota, ambao hawatakutana kamwe, wanamtaka mbwa adabu ile ile.

MTOTO WA KIUME NA NDEGE

Tulipokuwa tukitembea nilimwuliza mzee kwa nini hakumnyang'anya mjukuu wake ile manati.

"Wewe hukuwa na manati?" akaniuliza.

Nilikuwa nayo. Tena nilikuwa hodari.

Ukweli ni kwamba katika nchi hizi mtoto wa kiume na ndege ni hadithi ya zamani. Miongoni mwa Wasamburu na Wamaasai, vijana waliotoka tohara karibuni huzunguka wakiwa na upinde na mishale butu, wakiwinda ndege wadogo ambao ngozi zao huvaliwa kama mapambo ya kichwa. Mshale ni butu ili usiharibu manyoya. Si kazi ya kutafuta chakula, maana kwa desturi wafugaji hao hawakuona fahari kula nyama ya porini, wala ya ndege. Ilikuwa shule. Kijana aliyeweza kumpata ndege mdogo kwa mshale usio na ncha alikuwa amekwisha jifunza kutembea, kungoja na kutazama. Waturkana hawakuwa na mwiko huo wa chakula. Kwao ndege alikuwa kitoweo, hasa mwaka wa njaa.

Lakini shule hiyo sasa ina mlango mwembamba sana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika mwezi Januari 2014, imeufanya uwindaji wa kujifurahisha kuwa kosa, na hata kuwinda kwa ajili ya chakula ni kosa. Kuuza nyama ya porini ni kosa zaidi. Mimi sikwenda Burat kuipinga sheria hiyo. Mzee mwenyewe haipingi. Aliniambia kwamba baada ya ile misimu mitano ya mvua iliyokosekana mfululizo, kati ya mwaka 2020 na 2022, alipita mahali alipozoea kuona makundi ya kanga akakuta manyoya tu. Lau bunduki zingalikuwapo pia, alisema, leo tungehesabu vichuguu.

Linalomsumbua ni jambo jingine, nalo nitalifikia.

MAJI KIFUANI

Saa mbili na nusu tulikuwa tumeketi chini ya mkoma, mbali kidogo na kidimbwi kilicho kando ya mto, mbuzi wakiwa nyuma yetu na Simba amelala. Mzee alikuwa ameniahidi kwamba kabla ya saa tatu watu watakuja. Kwa "watu" alimaanisha firigogo.

Walitangulia kusikika. Kisha wakaja kwa makundi ya watano, ya wanane, wakazunguka juu, wakashuka mchangani hatua kadhaa kutoka majini. Rangi yao ni ya mchanga na kokoto, hata wakitulia macho yanawapoteza. Hapa ndipo wageni wa marisau walipokuwa wakikaa, maana ndege anayekuja majini kwa saa yake ni ndege aliyekwisha kupa miadi.

"Mtazame dume," mzee alininong'oneza. "Yule mwenye weusi usoni. Usitazame mdomo. Tazama tumbo."

Jike walikunywa upesi wakaondoka. Dume mmoja aliingia majini mpaka kifuani, akajitikisa na kujilaza kama bata, akainuka, akajilaza tena. Alipotosheka akaruka moja kwa moja kuelekea nyikani.

"Anapeleka maji kwa watoto," alisema mzee. "Manyoya ya tumbo lake ni kama sifongo. Watoto hawajui kuruka, na maji yako mbali. Atasimama, nao watakuja chini yake wanyonye kama mbuzi."

Nilidhani ni hadithi ya kumfurahisha mgeni. Niliporudi nikatafuta vitabuni, na nina haya kuandika kwamba nilimtilia shaka. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, aliyekuwa akifuga ndege hawa, aliandika kwamba dume huwapelekea makinda maji kwa manyoya yake ya tumbo. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Ilipita miaka sabini na zaidi, mpaka 1967, ndipo Cade na Maclean walipochapisha utafiti wao wa Kalahari na kuthibitisha kwamba ni kweli tupu, na kwamba manyoya hayo yameumbwa kwa kazi hiyo. Mzee wa Burat hakuambiwa na Cade wala Maclean. Alijua kwa sababu, katika siku zake za kuokota ndege waliopigwa, alishika mikononi dume ambaye tumbo lake lilikuwa limelowa huku mgongo umekauka. Akajiuliza kwa nini. Siku iliyofuata akamfuata mwingine kwa macho, kisha kwa miguu.

"Siku ile niliwaambia wageni wasipige dume aliyelowa," alisema. "Wakacheka."

UJUZI USIO NA LESENI

Sasa nilifikie lile linalomsumbua. Bunduki zilipoondoka, hakuna aliyemlilia mwongozaji. Wenye bunduki walikwenda na bunduki zao, kila mmoja na kazi yake mjini. Mzee alibaki na ujuzi wote, na hapakuwa na mtu wa kuununua. Anamwona mjukuu wake akiwa na macho yale yale na miguu ile ile, tena anajua kutega tanzi, na mjini hakosi mtu wa kumnunua kanga kwa siri. Kwa hiyo, jambo pekee ambalo babu anaweza kumrithisha mjukuu, njia ya karibu ya kulifanya liwe fedha ni kosa la jinai.

"Nikimfundisha, namfundisha kufungwa," alisema mzee. "Nisipomfundisha, nikifa imekwisha."

Ndugu msomaji, ujuzi wa namna hii si porojo za wazee. Huko Marsabit, jirani ya Isiolo, Waborana wanajua kumfuata ndege aongozaye watu kwenye asali. Hussein Isack, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na mwenziwe Reyer, waliupima ujuzi huo na mwaka 1989 wakauchapisha katika jarida la Science. Watu wanaotafuta asali bila ndege walichukua wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Wakiongozwa na ndege walichukua saa 3.2. Waborana hawakuhitaji kuambiwa, lakini dunia ilihitaji.

Na huko Mpala, Laikipia, watafiti waliwafungia vifaa vya kufuatilia nyendo wale kanga wa buluu wenye kichwa kitupu kama cha tai, ambao Burat nao wapo. Mwaka 2019 walitangaza kwamba ndege hao huishi katika makundi yasiyovunjika, waliyoyahesabu kumi na nane, na kwamba makundi hayo nayo yana makundi rafiki ambayo hutembea pamoja. Nilipomsomea mzee habari hiyo aliitikia kwa kichwa. "Kama maboma," akasema. "Wale wa laga hii wanapatana na wale wa mtoni. Wale wa mlimani hawawapendi."

Je, ujuzi huu hauwezi kumlisha mtu bila kumwaga damu? Unaweza. Kenya ina aina za ndege zaidi ya 1,000, na wako wageni wanaovuka bahari kuja kumwona mmoja tu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, vijana wa vijiji vya jirani wamefunzwa tangu miaka ya 1990 kuwaongoza watu kuona ndege, nao wanalipwa kwa kazi hiyo. Baringo pia vijana wa ziwani wamekuwa walimu wa wageni. Isiolo ina hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, ambako watalii wanakwenda kwa magari kuona tembo na twiga. Wengi wao hupita mjini bila kujua kwamba upande wa Burat yuko mtu anayeweza kuwaambia saa ambayo firigogo watakunywa maji.

HESABU NI PESA NGAPI?

Tulirudi bomani jua likiwa kali. Sasa chai ikapatikana, ya maziwa ya mbuzi, yenye moshi. Mzee alimwita mjukuu wake alete daftari la shule. Katika kurasa za nyuma niliona mistari iliyopigwa kwa rula na hati ya mtoto: tarehe, mahali, aina, hesabu. Kurasa tatu zilikuwa zimejaa. Mzee hajui kuandika. Kijana anaandika, babu anasema. Siku hiyo wakaongeza: kanga 33, laga, firigogo 41, kidimbwini, dume aliyelowa 1.

Wakati mzee amekwenda kuwatazama mbuzi, nilimwuliza kijana kama anaipenda kazi ile ya kuhesabu. Akaichezea manati yake kwa vidole, akafikiri.

"Naipenda," akasema. "Lakini, mwalimu, nikipeleka kanga wawili mjini, napata pesa ya unga, na ya kalamu inabaki. Hesabu ni pesa ngapi?"

Aliniita mwalimu kwa sababu aliniona nikiandika. Mwalimu hakuwa na jibu. Nilimwambia kwamba kutega ni hatari, akasema anajua. Nilimwambia habari za vijana wa Arabuko-Sokoke, akaniuliza walimpata nani wa kuwafunza na nani wa kuwaleta wageni. Hilo nalo ni swali la haki, na hujibiwa na ofisi, si na mwandishi aliyekuja kwa bodaboda.

Basi ninalileta hapa kama alivyonipa. Yuko mzee Burat anayejua mambo ambayo wasomi waliyabishia miaka sabini. Yuko mjukuu mwenye kalamu na manati, na mkono wake haujaamua. Mwenye uwezo wa kulijibu swali lake, awe wa kaunti, wa hifadhi au wa shule, na aende mwenyewe. Ila aende mapema, kabla jua halijapanda, na chai ainywe akirudi.